Ophelia Majini: Michoro ya Tamthilia kwa Macho ya Watu wa Ziwa

Tamthilia, yaani utungo unaoandikwa ili uigizwe na watu mbele ya watazamaji, huwafikia wasomaji wengi wa mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika bila jukwaa. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge, mwendo wa kilomita zipatazo 75 kwa barabara inayofuata ufuko, na kutoka Rumonge kuteremka hadi Nyanza-Lac, mwanafunzi humkuta Molière katika Kifaransa, lugha anayofundishiwa sekondari, na humkuta Shakespeare katika somo la Kiingereza au, akibahatika kupata kitabu kilichovuka mpaka kutoka Kigoma, katika Kiswahili cha Julius Nyerere, ambaye tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akairudia na kuiita Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka ule ule ilipotoka Mabepari wa Venisi. Kote huko anachopata msomaji ni majina ya wahusika, maneno yao na maelekezo machache ya nani anaingia na nani anatoka. Mengine yote, kuanzia sura ya mfalme hadi urefu wa upanga, anaachiwa ayaone mwenyewe akilini. Baina ya maneno hayo na jukwaa lililo mbali kuna kitu cha tatu kinachotajwa kwa nadra katika masomo ya fasihi, nacho ni mchoro wa onyesho.

Mchoro wa onyesho ni picha iliyotolewa katika sehemu moja ya tamthilia, ikionyesha wahusika wakiwa katika tendo fulani, na haufai kuchanganywa na picha ya mwigizaji, ambayo humtukuza mtu aliyecheza, wala na mchoro wa mapambo ya jukwaa, ambao ni maelekezo kwa seremala na fundi cherehani. Ufaransa ina mifano ya kale ya kazi hiyo. Molière alifariki mwaka 1673, na mwaka 1682 toleo la kazi zake lilitoka likiwa na picha zilizochorwa na Pierre Brissart na kuchongwa kwenye bamba la shaba na Jean Sauvé. Watafiti wa historia ya tamthilia huzirejea hadi leo wanapotaka kujua mavazi na mikao ya waigizaji wa zama zile. Nusu karne baadaye, katika toleo la mwaka 1734, François Boucher aliwachora wahusika wale wale kwa mavazi na vyumba vya wakati wake mwenyewe. Tofauti ya hao wawili ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa wa kwanza anasomwa kama shahidi wa yaliyokuwa jukwaani, ilhali wa pili ni mfasiri, anayeuchukua mchezo wa jana na kuwapa watu wa leo kwa lugha ya nguo na viti wanavyovijua.

Waingereza nao walijaribu kwa fedha nyingi. John Boydell, mchapaji wa London, alifungua mwaka 1789 jumba la picha zilizochorwa kutokana na tamthilia za Shakespeare peke yake, akiwakodi wachoraji waliokuwa na jina wakati huo, lakini vita vya Ulaya vilivyofuata Mapinduzi ya Ufaransa vilimkatia soko la ng'ambo na jumba likaishia kuuzwa kwa bahati nasibu. Picha zake nyingi ni kubwa, safi, na zimekufa.

Aliyeitendea haki kazi hii ni Mfaransa Eugène Delacroix, aliyezaliwa mwaka 1798 na kufariki mwaka 1863. Mwaka 1825 alikwenda London, akamwona Edmund Kean, mwigizaji aliyekuwa gumzo la mji, akicheza Shakespeare, na miaka mitatu baadaye alitoa michoro 17 ya Faust, tamthilia ya Mjerumani Goethe, ambayo Goethe mwenyewe, akiwa mzee, alikiri kwamba katika baadhi ya picha ilipita yale aliyokuwa ameyaona akilini alipokuwa akiandika. Sifa hiyo ni adimu, kwani waandishi huwa wagumu kuwapa wachoraji nafasi hiyo. Kabla ya hapo, Septemba 1827, kundi la waigizaji wa Kiingereza lilifika Paris na kucheza Hamlet ya Shakespeare katika ukumbi wa Odéon, Charles Kemble akiwa Hamlet na Harriet Smithson akiwa Ophelia. Sehemu kubwa ya watazamaji haikuelewa Kiingereza, na kwa sababu hiyo hiyo watu waliushika mchezo kwa macho: mikono ya Smithson, nywele zilizofumuka, maua yaliyotupwa chini. Mtunzi wa muziki Hector Berlioz alitoka ukumbini akiwa amempenda yule dada bila kuelewa alichokuwa akisema, na mwaka 1833 akamwoa. Mtu anayeutazama mchezo wa lugha asiyoijua yuko karibu sana na mtu anayeutazama mchoro, kwa maana wote wawili wameondolewa sauti na kuachiwa mwili.

Delacroix alianza kuchora Hamlet mwaka 1834 na kuendelea kwa vipindi hadi mwaka 1843, alipochapisha michoro 13 kwa gharama yake mwenyewe, nakala 80 tu. Haikununuliwa sana, na wakosoaji waliiona kuwa imechorwa ovyo, viungo vikiwa virefu kupita kiasi na nyuso zikiwa na ukali usiopendeza. Michoro mingine mitatu ilibaki bila kuchapishwa hadi alipokufa, na yote 16 ilitoka pamoja mwaka 1864.

Ufundi aliotumia ni lithografia, yaani uchapaji wa kutumia jiwe, uliobuniwa na Mjerumani Alois Senefelder katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, na hakuna watu wanaoweza kuuelewa haraka kuliko watu wa Rumonge, mji wa michikichi na mafuta ya mawese. Kila anayekamua ngazi anajua kwamba zikishachemshwa katika pipa na kupondwa, mafuta huelea juu yakiwa mekundu na maji hubaki chini, na kwamba hata ukivikoroga kwa nguvu vitatengana tena. Senefelder aliijenga kazi yake yote juu ya ugomvi huo. Mchoraji huchukua jiwe la chokaa lililosawazishwa vizuri, akachora juu yake kwa chaki yenye mafuta. Fundi hulipaka jiwe mchanganyiko wa gundi ya mgunga na asidi kidogo ili mafuta yakae mahali pake na sehemu tupu ziweze kushika maji. Kisha jiwe hulowanishwa, rola yenye wino wa mafuta hupitishwa juu yake, na wino hukimbia penye maji na kung'ang'ania penye chaki. Karatasi ikikandamizwa hapo, picha hutoka. Kwa kuwa picha hutoka imegeuka, mchoraji hulazimika kuwaza kinyume tangu mwanzo, na Hamlet wa kushika upanga kwa mkono wa kulia karatasini huchorwa jiweni akiushika kwa wa kushoto.

Faida ya jiwe ni kwamba halimwekei mchoraji mtu wa kati. Katika bamba la shaba la kina Brissart, mchoro wa msanii ulipita mikononi mwa mchongaji, aliyeugeuza kuwa mistari yake, ilhali katika lithografia alama ya chaki iliyowekwa na Delacroix ndiyo inayofika kwa mtazamaji, pamoja na mtetemeko wa mkono na sehemu alizokwangua kwa kisu ili kuutoa mwanga katika weusi. Namna hiyo ya kuanza na giza na kulikwangua hadi nuru itokee inaonekana vizuri katika picha ya mzimu wa baba yake Hamlet ukitokea usiku juu ya ngome. Wavuvi wa ndagala wa Rumonge, ambao husubiri giza la mwezi ili watoke na taa, zamani za karabai na sasa za betri, wanaujua mwanga wa namna hiyo kwa uzoefu, kwamba taa katikati ya usiku haimulikii mandhari, bali humega uso mmoja, kiganja, ukingo wa chombo, na kuyaacha mengine yote yakisikika tu.

Kazi ngumu zaidi ya mchoraji wa tamthilia, hata hivyo, ni kuchagua dakika, na hapo ndipo Delacroix anapowashinda waliomtangulia. Hamlet ni mchezo mrefu wenye vifo vingi, na mchoraji wa kawaida angekimbilia panga na damu. Yeye anatua mahali ambapo hakuna kinachotokea. Klaudio, mfalme aliyemuua kaka yake ili akipate kiti, amepiga magoti akisali peke yake, na nyuma yake amesimama Hamlet, mwana wa marehemu, mkono ukiwa kwenye upanga. Jukwaani dakika hiyo hupita upesi, kwa sababu mwigizaji anasema na masikio ya watu yanakimbilia sentensi inayofuata, lakini karatasini inasimama, na kadiri mtu anavyoitazama ndivyo anavyoona kuwa Hamlet, kijana mwembamba asiye na ndevu, hatapiga. Mchoraji ametafsiri kusitasita, jambo ambalo Shakespeare alilieleza kwa hotuba nzima, kwa pembe ya mkono mmoja.

Picha nyingine inaonyesha mchezo ndani ya mchezo, pale Hamlet anapowaita waigizaji waliopita njia wacheze mauaji ya mfalme mbele ya mwuaji mwenyewe. Hamlet amejilaza chini karibu na Ophelia, na macho yake yameacha jukwaa na kumwelekea mjomba wake. Mtazamaji wa picha anajikuta akifuata njia hiyo hiyo, akiwatazama watazamaji, kitu ambacho mtu aliyekaa ukumbini hawezi kukifanya kwa raha kwa sababu matendo yanaendelea pande mbili kwa wakati mmoja.

Lakini mchoro unaostahili kuzungumzwa zaidi katika mwambao huu ni ule wa kifo cha Ophelia, kwa kuwa ni picha ya maji. Binti huyo, aliyepoteza akili baada ya baba yake kuuawa na mpenzi wake, anakufa kwa kuzama mtoni, lakini watazamaji wa tamthilia hawamwoni akizama hata kidogo: malkia anaingia na kusimulia kwamba alipanda mti ulioinamia mto ili atundike mashada ya maua, tawi likakatika, nguo zake zikamshikilia juu ya maji kwa muda huku akiimba, hadi zilipolewa maji na kumvuta chini. Mbinu hiyo, ya tendo kubwa kufanyika nje ya jukwaa na kuletwa kwa mdomo wa msimuliaji, ni ya zamani kuliko Shakespeare kwa karne nyingi. Ndiyo inayotumiwa na Sofokle wa Ugiriki katika mchezo ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode, ambamo mfalme anajitoboa macho ndani ya nyumba na mjumbe anatoka kuwaeleza watu. Sababu zake zilikuwa za adabu na pia za vitendo, kwa kuwa mto hauletwi jukwaani.

Mchoraji hana kizuizi hicho, na Delacroix alimrudia Ophelia mara kwa mara, kwa rangi tangu mwaka 1838 na kwa jiwe mwaka 1843. Katika mchoro wa jiwe, mwili wa binti umelala kwa ubavu, nusu majini. Mkono mmoja umekwenda juu na kushika tawi, na mwingine umebana maua kifuani. Hapo pana jambo ambalo maneno ya malkia hayakulisema. Kwa simulizi ya malkia, tawi limekwisha kukatika na Ophelia hajui hatari aliyomo, kama kiumbe aliyezaliwa majini. Kwa mchoro wa Delacroix, mkono bado umeshika. Mtu anayezama kwa kutojua hashiki kitu, na mtu anayetaka kuokoka angeachia maua ili ashike tawi kwa mikono miwili. Binti huyu anafanya nusu ya kila kimoja. Mtoto wa Rumonge aliyekulia ufukoni, anayejua jinsi kitenge kinavyotuna hewa kwa pumzi chache kabla hakijawa kizito kama nanga, ataona kwamba mchoraji ameisimamisha saa baada ya nguo kuanza kunywa maji na kabla ya vidole kuchoka, na hana haja ya mhakiki wa Paris kumweleza kitakachofuata.

Miaka michache baadaye Mwingereza John Everett Millais alimchora Ophelia huyo huyo, katika picha ya mwaka 1851 na 1852 ambayo leo ni mashuhuri kuliko zote. Alikaa kando ya mto Hogsmill, Surrey, akiyachora majani moja baada ya jingine, kisha akamlaza Elizabeth Siddal, aliyekuwa mfano wake, katika hodhi la kuogea lililopashwa joto kwa taa chini yake, na taa zilipozimika bila yeye kujua, Siddal alipata mafua makali na baba yake akadai fidia. Picha ni nzuri bila ubishi. Hata hivyo binti wa Millais amelala chali, mikono imefunguka, midomo imeachana, na maji yamemchukua, hakuna anachoamua. Majani yake yanaweza kutambuliwa na mtaalamu wa mimea, ilhali matawi ya Delacroix ni mikwaruzo tu, lakini katika mikwaruzo hiyo mna mchezo wa kuigiza na katika ile bustani mna maombolezo.

Ajabu ni kwamba Shakespeare alifika ziwani kabla ya shule. Richard Burton na John Speke, waliopita ufuko huu kwa mitumbwi Aprili 1858 wakitoka Ujiji kuelekea Uvira, walikuwa na kitabu cha Shakespeare miongoni mwa vitabu vichache vya msafara wao, na Burton ameandika kwamba walivisoma pamoja mara nyingi. Novemba 1871 walipita Henry Morton Stanley na David Livingstone, na tarehe 25 ya mwezi huo imechongwa kwenye jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura. Stanley huyo ndiye aliyesimulia kwamba mwaka 1877, huko kwenye mto Kongo, wanakijiji walioogopa daftari lake walitaka alichome moto, naye akawadanganya kwa kuchoma Shakespeare badala yake. Vitabu vyake vilijaa picha za kuchongwa, mashuhuri kuliko zote ikiwa ile ya kukutana kwake na Livingstone Ujiji, watu wawili wamevua kofia katikati na umati umejipanga pande mbili kama pazia. Ni mchoro wa onyesho kabisa, wenye wahusika wakuu na watazamaji wao, uliochukua tukio la kweli na kulipanga kwa sheria za jukwaa la London, na watu wa ufuko wakapewa kazi ya kusimama nyuma.

Karne moja baadaye, tamthilia ilirudi mwambaoni kwa njia iliyo kinyume cha mchoro. Tangu mwaka 1997 mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa kwa Kirundi na Marie-Louise Sibazuri na kutayarishwa na Studio Ijambo, uliwakusanya wasikilizaji wa Burundi katika miaka ya vita kuzunguka sauti tupu, ambapo kila nyumba ilijichorea sura za majirani wa Kihutu na Kitutsi wa mchezo huo. Masikio ya mwambao yamezoezwa vya kutosha. Jicho ndilo lililoachwa nyuma, na vitabu vingi vya tamthilia za Kiswahili vinavyosomwa shuleni havina picha yoyote baada ya jalada.

Mchezo wa kuanza kuuchorea picha unajulikana. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, inahusu mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi kabla ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na kiini chake ni mtu aliyeingia katika mto Rufiji, akakaa humo watu wakidhani amekufa, kisha akatoka. Kama ilivyo kwa Ophelia, kilichotokea chini ya maji hakionyeshwi na jukwaa lolote. Watu hubaki ukingoni wakibishana. Hussein ameacha mlango wazi hapo, na mchoraji wa Kizungu aliyesoma habari za Rufiji kwa ramani hataupita vizuri kuliko kijana wa Rumonge au wa Nyanza-Lac aliyewahi kufungua macho ndani ya ziwa lenye kina cha mita zipatazo 1,470 na kuona nuru inavyofifia chini ya mtumbwi. Jiwe la Senefelder halihitajiki, kwa kuwa makaa ya jikoni na karatasi nyeupe vinatosha kwa mchoro wa kwanza. Walimu wa Kiswahili wa mwambao, wanapofika sehemu ya mto katika mchezo huo, wawape wanafunzi kipindi kimoja wachore kabla ya kuwauliza maswali ya dhamira, na wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura waje waitazame kazi hiyo.